Kolwezi: mufundi asiye na kazi na mashini yake ya michezo

Wandugu wa mugodi na jamaa zenu, leo sitaandika juu ya mushahara. Kontra itaingia kidogo, kwani katika muji huu hakuna habari yenye haipiti kwenye mulango wa kampuni. Lakini nataka kuwaelezea mashini moja yenye iko katika kiwanja cha rafiki yangu, komini ya Manika, hapa Kolwezi.

Ni kabati la mbao, urefu metre 1 na sentimetre 55, upana sentimetre 60. Juu kuna ekrani. Chini ya ekrani kuna meza ndogo yenye vijiti viwili na butoni kumi na mbili, sita kwa kila muchezaji. Watoto wawili wanasimama bega kwa bega, wanashika vijiti, wanacheza. Wafaransa wanaita kitu hiki borne d'arcade. Kule Amerika, Japani na Ulaya mashini za namna hii zilijaa katika bar na maduka miaka ya 1970 na 1980. Mimi nilipokuwa mutoto sikuona hata moja, nilisikia tu.

Rafiki yangu nitamwita Yaya, kama ninavyomwita kila siku, juu ananizidi miaka sita. Ni mufundi wa umeme wa viwanda. Miaka kumi na moja alitunza ile mikanda mirefu ya mupira yenye inabeba mawe toka kwenye konkasere mpaka kiwandani. Lakini hakuwa mutu wa kampuni kubwa, alikuwa mutu wa sutretansi. Siku soko lilipohamia kwa mwingine, kampuni ndogo ikafunga ofisi, na Yaya akapewa karatasi: kontra imeisha. Miaka 52, watoto sita, na mikono yenye inajua kazi. Sheria ya tarehe 8/2/2017 juu ya sutretansi inasema wazi kampuni gani inaweza kushika soko. Mutu anayebaki inje wakati soko linahama, huyo tunabaki naye sisi wa sindika.

Mwezi wa kwanza alizunguka na karatasi zake. Mwezi wa pili alizunguka kidogo. Mwezi wa tatu nilimukuta amekaa chini ya muti wa embe na ordinatere ya zamani magotini. Ofisi moja yenye alikuwa ameitilia nyaya haikuwa na falanga ya kumulipa, ikamupa ile ordinatere. Akaniambia: "Delege, hii kitu iko nzima. Inakosa tu kazi, sawa mimi."

Njo hapo tulianza. Kila siku ya Posho na kila siku ya Mungu baada ya misa, karibu miezi mine.

Sheria yangu ya kwanza kwa Yaya ilikuwa hii: hakuna kitu cha kampuni. Wenye mnafanya kazi kwenye mugodi mnanielewa. Kuna vitu vingi vizuri vinaoza nyuma ya ateliye: swichi, waya, vipande vya mukanda. Unasema, hii wameitupa. Lakini bila bon ya kutoka, yenye kutiwa sahihi na mukubwa wa ateliye, ile iliyotupwa inakuwa wizi pale gadi anapofungua mufuko wako. Nimekaa mezani kutetea baba wa watoto tisa juu ya metre mbili za kebo, na barua ilikuwa imekwisha kuandikwa: faute lourde. Basi mitraye yote tuliinunua sokoni, kwa wauza vyuma, na tuliomba karatasi kwa kila kitu, hata kama muuzaji alicheka. Yaya anayo ile karatasi katika kartable, imepangwa kwa tarehe.

Sasa niwaelezee mambo ya ndani, juu wengi wananiuliza.

Butoni ya mashini kama hii ni swichi ndogo tu. Ndani yake kuna kimuti cha chuma chembamba: unakisukuma kidogo, kinaruka, kinagusa, unasikia "tik". Ina miguu tatu: mumoja wa pamoja, mumoja wenye unafungwa ukibonyeza, mumoja wenye unafunguliwa. Wandugu wa konvoye wanaijua vizuri sana, juu ni mudogo wake na ile swichi ya fin de course yenye inasimamisha mukanda ukienda kombo. Yaya aliinunua ishirini, zimetoka katika mashini za kufotokopi zilizokufa. Kijiti kimoja kinataka swichi ine: juu, chini, kushoto, kuume. Chuma chake ni fimbo ya milimetre 10 yenye alitengenezesha kwa fundi wa tour. Kukirudisha katikati alitumia ressort ya soupape ya moteri ndogo, na chini akaweka rondele ya mupira wa tairi. Mupira wa mukanda ungekuwa muzuri zaidi, lakini mnajua sheria yangu.

Swali likawa: namna gani ordinatere itajua butoni gani imebonyezwa? Kuna kadi ndogo zinazouzwa kwa kazi hiyo, zinatoka China. Yaya hakutaka kungojea mizigo ya Kasumbalesa. Alichukua klavye ya ordinatere, akaivunja, akatoa kile kipande kidogo cha kadi chenye kiko ndani. Klavye, wandugu, ni kama shamba lililopigwa mistari: nyaya zinakwenda huku, nyingine zinazikata, na kila herufi iko pale mistari miwili inapokutana. Ukiunganisha musitari wa tatu na wa tano, ordinatere inafikiri umeandika herufi fulani. Basi haihitaji kujua kama ni kidole kwenye klavye ao mutoto wa Manika kwenye butoni.

Kusude waya pale si rahisi. Miguu ya ile kadi imefunikwa na rangi nyeusi ya makaa, etani haishike juu yake. Unasugua pole pole na wembe mpaka mukuba unatokea. Yaya alipouona akanionyesha bila kusema kitu. Musitari mwembamba kuliko unywele. Labda ulitoka hapa, labda Chile, nani atajua. Ulizunguka dunia yote, ukarudi Manika katika klavye mbovu ya dola mbili.

Siku ya kwanza ya kujaribu, muchezaji mumoja peke yake alienda vizuri. Walipoingia wawili na kubonyeza butoni mingi pamoja, mashini ikaanza kuota: mutoto anaruka bila kuguswa, mwingine anabonyeza na hakuna kitu. Ni ugonjwa unaojulikana wa klavye. Ile mistari, ukibonyeza tatu ao ine kwa mara moja, umeme unapata njia ya kuzunguka, ordinatere haijui tena. Yaya alikaa usiku mumoja na kalamu. Asubuyi akavunja klavye ya pili, kila muchezaji na klavye yake, herufi tofauti. Ugonjwa ukaisha.

Juu ya ekrani tulibishana. Wengi wangeweka ile televizioni ya zamani yenye mugongo mukubwa, na ni kweli michezo ya zamani inapendeza pale. Bei yake karibu bure. Yaya alikataa kabisa. Ndani ya televizioni ile kuna umeme unaopita volti 20 000, na unaweza kubaki ndani hata ukitoa fishi ukutani. Alisema kiwanja chake kina watoto sita wake na ishirini wa wengine. Tukachukua ekrani ya bapa ya inchi 19.

Mufundi wa kweli unamujua namna anavyokata umeme. Siku ya kuunganisha kebo kubwa, Yaya alifanya sawa kwenye kiwanda: akakata, akafunga na kofuli yake, akatundika karatasi yenye jina lake, akapima kama hakuna kitu, kiisha akagusa. Watoto walicheka juu ya ile kofuli kwenye kisanduku kidogo cha nyumba. Mimi sikucheka. Nimezika watu wawili ambao kofuli moja ingewaacha hai.

Umeme wenyewe, mnajua namna unakuja na unakwenda. Tulipima: ordinatere na ekrani pamoja vinakula wati 80. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba, kwa karatasi, wati-saa 1200. Lakini batri ya gari haipendi kushushwa kupita nusu, basi hesabu 600. Toa ile ambayo konvertisere inakula yenyewe, unabaki na saa sita hivi za michezo. Inatosha kwa kartiye yenye giza. Jioni watoto wanasimama pale sawa wadudu mbele ya taa, na wazazi wanajua watoto wako wapi.

Mbao ni multiplex ya milimetre 18. Feye moja ya metre 2,44 kwa 1,22 ilitosha mbavu mbili, mugongo na meza. Rangi ni bluu, juu ilikuwa ya bei ya chini.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya falanga.

Kule Amerika, mashini hizi ziliishi kwa falanga ya chuma. Mwaka 1972 kampuni Atari iliweka mashini yake ya kwanza ya Pong katika bar moja ya Sunnyvale, Kalifornia. Baada ya siku chache mwenye bar akaita, mashini imekufa. Mufundi Allan Alcorn, mwenye alikuwa ameitengeneza, akaenda akafungua. Hakukuwa kitu kimeharibika: kisanduku cha falanga kilikuwa kimejaa mpaka kikafunga njia. Yaya anapenda sana habari hii. Aliniomba niirudilie mara tatu.

Lakini Kongo hatuna falanga ya chuma. Tunazo noti tu, na zile ndogo zimechoka sana, hata mama wa soko anazishika na vidole viwili. Mashini gani itazikubali? Yaya alifikiri rondele za chuma kama jeton. Nikamwambia: katika muji wa mafundi, mutoto wa miaka kumi atakutengenezea rondele mia moja kwa siku moja. Akakubali. Kwa hiyo mashini haina tundu la falanga. Mutoto analipa kwa mukono, falanga 200, Yaya anazungusha ufunguo, saa inahesabu dakika kumi.

Mimi nilitaka watoto wacheze bure. Nilitaka tuiweke mashini kwenye nyumba ya sindika, watoto wa wafanyakazi waingie. Yaya aliniangalia mingi. Akasema: "Weye uko na mushahara. Mi niko na mashini. Unataka mi nitoe mashini, na weye utatoa nini?" Nilinyamaza. Ni haki yake. Kazi ya mutu inalipwa, hata ikiwa mutu huyo ni rafiki yako na kazi inafurahisha.

Jambo lingine lilitokea palepale. Kijana mumoja wa kartiye alileta katika kifunguo cha USB michezo ya zamani mamia na mamia, ile ya Japani ya miaka ya 1980. Kuna programu inaitwa MAME, ilianzishwa na Muitalia Nicola Salmoria mwaka 1997, yenye inafanya ordinatere ijifanye mashini ya zamani. Programu ni ya wazi kwa kila mutu. Lakini michezo yenyewe ina wenyewe: Pac-Man, kwa mufano, ya mwaka 1980, ni mali ya Namco, leo Bandai Namco. Kucheza na kulipisha ni mambo mawili tofauti. Yaya aliuliza nani atatoka Japani kuja kumukamata Manika. Hakuna, ni kweli. Lakini mimi ninasimama kila mwezi mbele ya wakubwa na kitabu cha sheria mukononi, ninawaambia saa za juu zilipwe kama ilivyoandikwa. Siwezi kutoka pale nikaenda kukaa mbele ya mashini yenye inalipisha kazi ya wengine.

Kijana mwenyewe alipata njia. Kuna michezo iliyotengenezwa na watu wenye walisema wazi: chukua, gawanya, hata ukilipisha, lakini usifiche namna ilivyoandikwa. Leseni hiyo inaitwa GPL. Tuliweka SuperTux, ule wa pengwini anayekimbia na kuruka, na Frozen Bubble, wa kupasua mipira ya rangi, na mingine mitano. Inatosha. Wakubwa wa Frozen Bubble katika kartiye ni wasichana wawili wa miaka kumi na mbili. Hakuna mwanaume anayewashinda, hata mimi.

Kiisha wamama wakaja.

Ilikuwa siku ya Posho, mashini ina wiki mbili. Waliingia tatu, wa mbele anauza mikate kwenye kona. "Papa, ile mashini yako iko inakula falanga ya batoto betu! Tutaivunja leo!" Na walikuwa na sababu. Mnazijua zile mashini ndogo za kamari zenye zinawekwa mbele ya buvette, na taa zinazozunguka. Mutoto anatia falanga ya kununua bukari, anangojea irudi mara kumi, hairudi. Mama huyu, mwana wake wa kwanza alipoteza pale falanga za minerval. Kwake mashini yote yenye ekrani na mutoto mbele ni ile moja.

Jambo hili si la Kolwezi peke yake. Mwaka 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, alikataza mashini za flipper muji mzima. Alipigwa picha akizivunja na nyundo. Alisema ni kamari, ni kuiba falanga za watoto wa shule. Katazo lilikaa mpaka 1976. Mwaka ule kijana mumoja, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya baraza la muji, akacheza mbele yao, na kabla ya kupiga akasema tupu ile kipira itapita wapi. Kikapita pale. Wakaelewa kwamba mukono wake ndio unafanya kazi, si bahati.

Hatukuwa na Roger Sharpe. Yaya alifanya kitu kimoja tu: alitoa stuli, akamwambia mama wa mikate, "Mama, kaa. Cheza." Hakutaka. Wenzake wakamusukuma. Mara ya kwanza alipotea mbio mbio. Mara ya tano alikuwa amefika kiwango cha tatu, na kitambaa cha kichwa kimeanguka. Halafu akauliza swali la kweli: "Mutoto akishinda anapata falanga ngapi?" Yaya akajibu: "Hapati kitu, mama. Anapata jina yake pale juu." Mama akafikiri. "Na akishindwa?" "Anapotezaka jina." Mashini ya kamari haifundishi mukono: ukicheza mara elfu, unabaki sawa siku ya kwanza. Hii, mama mwenyewe aliona mukono wake unajifunza kwa mara tano.

Walitoa masharti, na masharti yao yameandikwa na rangi nyeupe ubavuni mwa kabati. Hakuna mutoto na uniforme kabla kalasa haijatoka. Hakuna zaidi ya dakika ishirini kwa siku kwa mutoto mumoja. Hakuna kubeti mutu juu ya mutu. Mama wa mikate ndiye polisi, na polisi huyu hana huruma.

Inabaki jambo moja lenye halijaisha kati yetu sisi wawili. Kuna kijana wa miaka kumi na mumoja ao kumi na mbili, anakuja kila jioni, magoti meupe kwa udongo. Analipa falanga zake bila kuomba deni, kuliko watoto wa wafanyakazi. Anaosha mawe mutoni. Sheria ya tarehe 10/1/2009 ya ulinzi wa mutoto inakataza, sheria ya migodi inakataza, na sindika yetu inakataza kwa mudomo na kwa karatasi. Falanga zake zinatoka pale. Nilimwambia Yaya asizipokee. Yaya akasema: "Nikimukataza, ataenda kwenye mashini ya kamari, ile haiulize falanga inatoka wapi." Nikasema acheze bure. Akasema wengine wote watapaka udongo magotini.

Kwa sasa ni hivi: kijana hacheze kwa falanga. Anashika lampe wakati Yaya anasude, anapanga visi kwa urefu, na kwa ile anapata dakika zake. Siku mbili za wiki iliyopita hakwenda mutoni. Siku ine alienda. Nimeongea na mama yake, mujane. Aliniuliza kama sindika inalipa kalasa. Hailipi. Nimepeleka swali kwenye komite, litasomwa mwezi ujao, na mimi nitakuwa pale.

Mashini yote imekula dola 143, pamoja na batri ya mutumba. Wiki nzuri inaingiza sawa dola 11 kwa falanga, wiki ya mvua hata ine hazifiki. Haiwezi kurudisha mushahara wa konvoye. Inalipa unga na umeme. Lakini mwenye duka wa Likasi aliiona, ameagiza moja, na ametoa nusu ya bei mbele. Yaya alianza mbavu jana. Ekrani ya pili tuliipata sokoni kwa bei ndogo sana, ina musitari mweusi mwembamba upande wa kuume, toka juu mpaka chini. Yaya anasema ataifunika na rangi ya kabati, na hakuna mutu wa Likasi atauona.